Hili Lina Mwenyewe

Udongo niliupandisha Mabatini kwa ndoo,
safari kumi na saba,
nikaumwaga kati ya jabali na choo cha Mama Nkwimba.
Mbegu nne. Moja ilikwenda na panya.

Wakaja mbawakawa wekundu,
majani yakawa chekeche.
Nikawamwagia jivu la kukaangia sato,
wakaondoka siku mbili, wakarudi na ndugu.

Halafu inzi, yule mwenye kiuno chembamba,
anayetaga ndani ya boga bichi
kama mtu anayeficha pesa
kwenye godoro la mwenzake.

Na pimbi, alfajiri, juu ya jiwe,
wanatafuna maua wakinitazama
kama wenye nyumba waliofuata kodi.

“Mlango Mmoja boga ni elfu mbili,” Sayi akasema.
“Wewe hili umelitumia ngapi?”
Sikumjibu mwanangu. Nilishika ua dume,
naligusisha kwa jike
kabla jua halijachoma mabati.

Likashika moja.
Nikalivika kipande cha chandarua,
kile alichofunikwa Sayi akiwa mchanga.
Linanenepa humo, limeegemea jabali;
ziwa linameta kule chini, halina habari.

Leo nimemkuta amechutama, kokoto mkononi,
anawaambia pimbi:
hili lina mwenyewe.