Masahihisho

Miaka kumi na mmoja nilikula kwa aya ya kwanza:
nani, nini, wapi, lini.
Kwa nini ilikatwa kila nafasi ilipobana.
Ofisi yetu ya Kisumu ilikuwa chumba kimoja
juu ya duka la vyerehani,
na nilipoandika kifo, chini yangu
mtu alikuwa akijaribu mshono.

Mto Nyando ulipovunja kingo
nilikwenda Kochogo, daftari ndani ya nailoni.
Nikahesabu: nyumba thelathini na mbili,
magunia ya mpunga, ng'ombe, watu wanne.
Ndipo Mama Perez Nyarombo akapanda tuta la barabara
amebeba mlango mgongoni.
Si godoro, si sufuria.
Mlango:
bawaba mbili za chuma, ya tatu waya.

Nikamuuliza. Akasema,
"Nyumba ni udongo, nitakandika nyingine.
Huu ulimgonga mume wangu kwenye paji
kila jioni, miaka ishirini.
Niuache uende ziwani?"

Bwana Shiveka, mhariri, alisoma akipiga miayo.
"Mlango si habari."
Mahali pake akaweka tangazo la matrekta.
Nilibakiwa na sentimita tisa, ukurasa wa kumi na moja,
na jina likachapwa Peris.
Kesho yake, ukurasa wa pili, kisanduku:
Masahihisho. Tunaomba radhi.
Jina lilirudi.
Mlango haukurudi.

Sikuacha kazi kwa ushujaa.
Gazeti lilifunga ofisi, likatupa bahasha na kalenda.
Nikaandika matangazo ya sabuni,
vichekesho vya redio, halafu tamthilia,
vipindi kumi na vitatu, malipo yakidondoka
kama bomba la Nyalenda mwezi wa Januari.
Nikajifunza kuandika NJE. TUTA. ALFAJIRI.
Nikajifunza kwamba mwenye uchungu
hasemi uchungu, anaomba chumvi.
Huku hakuna anayeuliza shahidi wangu wa pili ni nani.
Mimi bado namtafuta.

Fundi wa mandhari alileta mlango mpya, unanuka vanishi.
Niligoma. Tukausaka mkuukuu sokoni Kibuye,
nikafunga waya mwenyewe, ukanichana kidole.
Mwigizaji, binti wa Mumias, akauliza,
"Hapa nilie?"
Usilie. Una mzigo.

Mtayarishaji akatazama saa:
dakika mbili nzima, mwanamke na mbao?
Nikasikia vyerehani.
Nikamwambia kata harusi, kata ile hotuba ya chifu,
kata jina langu likibidi.
Alibakiza sekunde hamsini:
tuta, mgongo, kisha nyumba mpya,
mlango ukisukumwa kwa mara ya kwanza.

Alhamisi ile nilikwenda kutazama naye,
sebuleni kwa jirani,
televisheni imefunikwa kitambaa cha kufuma
mpaka saa mbili kamili.
Mama Perez hakulia. Hakunishukuru.
Aliinama mbele, akakaza macho,
kiganja kikisukuma hewa, kikivuta, kikisukuma.

"Ulifungukia ndani," akasema.
"Huo wenu unafungukia nje."

Kazi hii haina ukurasa wa pili.
Nikatoa kalamu.