Mguu Nje ya Maji

Nilikuwa juu, mpira kiganjani,
kipa ametandaza mikono,
na si wamesema aliye juu mngoje chini:
sakafu ya ukumbi ilikuwa inaningoja.
Ukano ukakatika kwa mlio mdogo,
kama mtu anayevunja njiti ya kiberiti mfukoni.
Hallbera aliusikia kutoka benchi.
Mimi sikuusikia.

Akureyri wakanishona.
Daktari alichukua kipande cha ukano nyuma ya paja
akakifunga palipokatika,
kama anayekata shuka ili atengeneze pazia.
Akasema: miezi tisa.
Akasema: usikunje goti zaidi ya nyuzi tisini.
Akasema: kidonda kisiguse maji.
Hili la mwisho alilisema akiwa mlangoni, mkono kwenye kitasa,
kana kwamba ni dogo.

Haujui mji wetu.

Sisi hatuna baraza mbele ya nyumba, upepo haukubali.
Baraza yetu ni bwawa la maji moto, wazi,
theluji inatuangukia utosini,
na humo ndimo tunamojua nani kauza kondoo,
nani ana mimba, nani kaacha kazi kiwandani.
Asiyeingia majini hana habari.
Na asiye na habari, taratibu,
huwa habari.

Wiki ya kwanza zilikuja keki nne.
Wiki ya pili moja, na aliyeileta hakuvua viatu.
Wiki ya tatu ikaja picha kwenye simu:
wenzangu kumi na wanne ndani ya mvuke,
nywele zimeganda, wanacheka.
Nilitafuta pengo langu.
Niliikuza picha kwa vidole viwili.
Walikuwa wamesogea.

Siku hizi maisha yangu ni nyuzi tu.
Nyuzi kumi na moja za kushona,
nyuzi sitini na nane za kukunja.
Kidonda kina domo, hakitaki kufumba.
Mama hupiga simu, "Umefika ngapi leo?"
kama anauliza bei ya chewa.
Maumivu ya goti yana vidonge, asubuhi na jioni.
Haya mengine nilimweleza Torfi wa mazoezi ya viungo;
akanisikiliza vizuri, akaandika,
akaniongezea zamu moja ya kunyanyua mguu.

Jumamosi Hallbera alikuja na mfuko wa taka, ule mkubwa,
na utepe wa kufungia maboksi.
Hakusema pole.
Pole ina tabia yake:
ikisemwa mara moja ni faraja,
mara mbili ni mwendo,
na mimi nilikuwa nimeshiba zote.
Akaufunga mguu wangu hadi pajani
kama mzigo wa kwenda mbali,
akanitembeza barafuni, mikongojo imetangulia.

Mtunza bwawa alitoka na sheria usoni.
Tukapatana hivi:
kiti cha plastiki ukingoni,
koti, kofia ya sufi, blanketi la gari la Hallbera,
mguu mzima majini mpaka kwenye kifundo,
mbovu nje, ndani ya mfuko wake,
juu ya ndoo iliyopinduliwa.
Nilionekana kama kitu kilichosahauliwa na wahamaji.

Hakuna aliyegeuka.
Sunneva, dereva wa gari la kufagia theluji,
alikuwa katikati ya malalamiko yake:
kondoo wake wamehesabiwa vibaya tangu Septemba,
shemeji yake ni mwizi, trekta halina thamani tena.
Kisha, bila kukata maneno,
"Wewe uliyekuwa hospitali, si utakuwa shahidi?
Kondoo mwenye sikio jeusi ni wangu au si wangu?"

Sikumjua kondoo huyo.
Nikasema ni wako.
Upande wa pili ukanizomea, maji yakanirukia,
mtu akapiga kelele, "Mfuko! Mfuko!"
na Hallbera akaukumbatia mguu wangu kama mtoto wa watu.

Nilirudi nyumbani na baridi mpaka kwenye skrubu.
Nikapima: sitini na nane, zile zile za jana.
Simu ikalia.
"Umefika ngapi leo?"
Nikamwambia, mama, vuta kiti.
Sunneva anauza trekta.