Pambizoni mwa Daftari la Subilaga

Saa nne usiku, Tukuyu, mvua ya tangu juzi.
Madaftari ishirini na moja bado yapo mezani,
umeme umekatika, jiko la mkaa liko miguuni,
nawe, Subilaga, unaniambia jua lilizama
"baharini, mithili ya sinia la dhahabu".
Bahari ipi, mwanangu?
Wiki ya tatu hii hata jua lenyewe hatujaliona.

Nimeukata mstari huo. Usinune.
Dirishani kwenu siku ile kulikuwa na nini?
Ukungu ulioumeza mlima Rungwe mpaka kiunoni?
Mgomba wa jirani ulioangukia choo?
Andika mgomba.
Andika na choo.

Ukurasa wa pili una sentensi moja tu,
lori la ndizi lililokatika breki mteremkoni Kiwira,
limepakia "na" kumi na moja, "halafu" saba,
na "kwa kweli" moja inayoning'inia nyuma kama utingo.
Weka nukta. Nukta haitozwi ushuru.
Kama hujui iende wapi, soma kwa sauti;
kaka zako wakikucheka, toka nje uwasomee mbuzi.
Pumzi inapokukatikia, hapo ndipo palipoidai.
Na sikio litakuonyesha lile ambalo jicho limelipita:
umeandika mjomba alipanga foleni alfajiri kwenda kula
akarudi na wino kidoleni.
Alikwenda kupiga kura, Subilaga.
Najua, ulimi wa nyumbani hauna shida na hilo.
Kalamu inayo.

Nilikuwa nimeshaandika alama. Kumi na mbili.
Kisha ukurasa wa tatu, chini kabisa,
nadhani ulikuwa umechoka kunifurahisha:

*Mshale wa mizani ulitetemeka. Baba akavua kofia.
Karani akaandika kilo kumi na tisa kabla haujatulia.*

Nikaweka kalamu chini.
Humo hamna "huzuni", hamna "machozi njia mbilimbili",
hamna methali hata moja ya kufungia,
na bado nimekaa mpaka mkaa umekuwa jivu
nikimtazama mtu aliyechuma chai tangu giza
ameshika kofia yake mbele ya kijana mwenye kitabu cha risiti.

Mimi mizani nilifundishwa ni kuhesabu silabi,
nane huku, nane kule,
vidole vikiuma kwa baridi chini ya dawati.
Nilihesabu vizuri. Nilipewa zawadi ya sabuni.
Hakuna aliyeniambia kuna hii nyingine:
unaliweka neno, unaondoa mkono,
unangoja.

Basi ngoja.
Andika leo kwa penseli, nyuma ya kalenda ya mwaka jana,
lala nayo chini ya godoro,
asubuhi uisome kama imeandikwa na mtu usiyempenda.
Ukikuta maneno matatu yanabeba mzigo wa moja,
mawili yaache yakapumzike.
Kamusi iko ofisini, kabati la kushoto; funguo anazo mama Gwantwa,
na haumi.

Sasa la mwisho, nalo ni langu.
Chini ya kazi yako nilikuwa nimeandika "Jitahidi zaidi",
kama nilivyowaandikia wenzako wote wa usiku huu,
kama nilivyoandikiwa mwenyewe, kidato cha pili, kwa wino huu huu.
Jitahidi nini? Zaidi ya nani?
Nimelifuta. Karatasi imetoboka kidogo, unisamehe.
Karani nilikuwa mimi,
nimeandika kilo kabla mshale haujatulia.

Alama nimeacha wazi.
Jumatatu niletee kilichobaki, hata kama ni mistari minne:
mlirudi kwa njia ipi, nani alibeba tenga tupu,
na kofia,
baba aliivaa tena mlipofika wapi?