Jumlisha Sita

Safu ya kwanza: saa ya kuondoka Kome.
Safu ya pili: saa ya kufika Mwanza.
Ya tatu nikaiambia programu:
toa ile katika hii, nipe muda.

Ikanipa saa nane na dakika ishirini na tano.
Chini yake, nane na robo. Chini yake, nane na nusu.
Mratibu akasomea begani kwangu, akaguna.
"Saa nane! Hata mtumbwi wa kasia ungeshafika.
Huyu Bihemo anaiegesha wapi boti ya wagonjwa?
Mafuta anamuuzia nani?"
Barua ya kumsimamisha kazi ilikwisha kuchapwa,
ilingoja jedwali langu tu liwe kiambatisho.

Nje, juu ya bati la jirani, kongoti watatu
wamesimama kama wakaguzi wa hesabu,
vipara vinameta, hawana haraka.

Nikabadili vizio, kama mtu anavyogeuza shati
akitafuta doa: dakika mia tano na tano,
sekunde elfu thelathini na mia tatu,
theluthi ya siku na ushei.
Doa halikutoka. Kosa ukiligeuza sekunde
linarefuka tu.

Ndipo nikaufikia mstari wa arobaini na moja.
Muda: hasi saa tatu, dakika thelathini na tano.
Mjamzito alifika kabla hajaondoka.
Nikacheka peke yangu. Kisha nikaacha kucheka.

Nikaomba daftari lenyewe. Likaja na kivuko
ndani ya mfuko wa sukari, linanukia dagaa na spiriti.
Mwandiko wa Nesi Ng'washi, umesimama wima:
saa 4:10, jua kali, ziwa shwari.

Jua kali, saa kumi za usiku?

Nikajipiga paji la uso.
Nesi aliandika saa kama tunavyoitamka,
moja yake ni ile ya chai na matobolwa,
ya watoto kukimbilia namba shuleni.
Na huku Mwanza karani wa getini
alinakili saa ya ukutani, ya tarakimu,
ile inayoanza kuhesabu watu wakiwa wamelala.
Zile saa zilizopotea hazikupotelea ziwani.
Zilipotelea kati ya daftari na ukuta.

Jumlisha sita, nikaandika.
Nne na kumi ikawa kumi na kumi,
na safu ya tatu ikanywea mbele ya macho yangu:
mbili na dakika ishirini na tano,
mbili na robo, mbili na nusu.
Safari za mtu anayewahi.

Wa usiku nikawajumlishia kumi na nane.
Mstari wa arobaini na moja bado ulinigomea:
tano na ishirini ikawa ishirini na tatu na ishirini,
hasi ikazidi kuwa hasi.
Tarehe. Nesi alikuwa ameandika Ijumaa,
maana usiku ule ulikuwa wa kuamkia Ijumaa,
na kwetu usiku ni mali ya asubuhi yake.
Mashine haiamkii. Mashine ilitaka Alhamisi.
Nikaipa.

Mratibu aliichana barua mara mbili, hakusema neno.
Bihemo hajui hadi leo
kwamba alifukuzwa kazi kwa muda wa siku nne
na kosa lake lilikuwa alama ya kujumlisha.

Limebaki jambo moja. Pembeni mwa mstari ule
Nesi ameongeza kwa kalamu nyingine:
amejifungua njiani, saa 6:00, wa kike.
Nimeipeleka saa hiyo kwenye mashine
nayo imeandika sifuri, sifuri, sifuri, sifuri,
utadhani hakuna aliyezaliwa.

Hesabu ni sahihi. Sikuigusa.
Niliongeza safu ya nne, ya maelezo,
nikaandika kwa herufi, bila kizio chochote:
saa sita kamili, usiku wa kuamkia Ijumaa,
Bihemo akiwa usukani.