Gramu Thelathini na Moja

Aliuleta ndani ya soksi ya mtoto:
moyo wa fedha, mpana kama kiganja,
mweusi kama sufuria ya kuni.
"Nipimie," akasema, "nijue ni gramu ngapi."
Bei ya kazi hakuitaja. Alitaka ya uzito.
Gondomar ilinyeshewa tangu Jumapili
na mwavuli wake ulichuruzisha kijito
hadi kwenye mguu wa meza yangu.

Nikaupima. Thelathini na moja.
Nikautoa, nikaupima tena.
Mizani haikukosea.
Jicho langu ndilo lililonasa,
kama ukucha uliovunjika kwenye shali.

Kazi hii huanza hivi:
fedha huyeyushwa, humiminwa, ikawa kijiti;
kijiti huvutwa katika tundu la chuma,
kisha tundu dogo, kisha dogo kuliko hilo,
mwanamume kajifunga mkanda, anarudi kinyumenyume
kama anayeburuta mbuzi asiyetaka josho,
mpaka kijiti kisahau ujiti wake
kiwe uzi, mwembamba kama mvi.
Nyuzi mbili husokotwa, zikapondwa bapa,
na ukingoni hubaki vijimeno
vinavyong'ata mwanga.
Wanaume wakakunja umbo: moyo, msalaba, hereni.
Umbo tupu. Dirisha lisilo na nyumba.

Kuijenga nyumba ilikuwa kazi ya wanawake,
jioni, juu ya meza ile ile ya supu ya kabichi,
makombo ya mkate wa mahindi yamesukumwa kando.
Kwa koleo walikunja uzi uwe konokono,
konokono kando ya konokono,
wamebanana bila gundi wala lehemu,
wanashikiliwa na kubanana kwao tu,
hadi moto uje kuwafungisha ndoa.
Walilipwa kwa gramu, na mara nyingine kwa ahadi.
Ijumaa Bwana Belmiro alipita na kikapu,
akakusanya mioyo, akaigonga muhuri:
herufi B ndani ya jani.
Wanunuzi wa vitu vya kale husoma jani hilo na kusema,
"Ah, mkono wa Belmiro."

Mkono wa Belmiro ulijua kubeba kikapu.

Zulmira wa nyumba ya pili alikuwa shoto.
Shuleni masista waliufunga mkono ule kwa utepe,
akajifunza kuandika kwa mkono wa watu wengine.
Lakini fedha hakuiandika, aliikunja,
usiku, utepe umefunguliwa,
na konokono wake wote walielekea huku
ambako konokono wa kijiji kizima hawakuelekea.
Niliwatambua kabla sijavaa miwani.

Niliwahesabu kwa ncha ya sindano.
Mia moja na arobaini, wote wa shoto.
Isipokuwa chini kabisa, moyo unapochongoka:
mmoja, mnene, tumbo limebonyea,
kajikunja kulia.

Nilikuwa na miaka saba, juu ya kreti la mvinyo.
"Haya, mmoja tu," alisema, "na usipumue."
Nilipumua.
Aliutazama, akautazama tena,
kisha akausogeza kwa kidole ukae pembeni,
akaendelea na kazi.

"Gramu ngapi?" mama yule akauliza.
Nikamwambia ukweli: thelathini na moja.
Nikahesabu noti, nikaziweka juu ya soksi.
Naye akazihesabu, kama watu wa Gondomar wanavyohesabu,
akiloweka kidole,
akanirudishia zaidi ya nusu.
"Umekosea, bwana. Mimi si mwizi."
Nilitaka kumweleza. Maneno yalikuja mengi
yakajazana mlangoni kama mbuzi wale wale,
na basi la Porto lilikuwa linapiga honi.

Nimeusugua kwa magadi na brashi laini.
Umeng'aa, wote, kama asubuhi ya sikukuu.
Yule wa chini sikumgusa.
Nimemwacha na masizi yake.