Boliti Nne

Injini ilinguruma na Mbishi hakusogea.
Ndilo jina lake, La Porfiada, Mbishi,
rangi ya njano inamchunika ubavuni,
amebeba magunia kumi na mawili ya viazi vya watu.
Baba alisukuma gia mbele: kelele.
Akairudisha nyuma: kelele, kisha kishindo cha chini kwa chini,
kama kuna mtu kwenye ngama anagonga atolewe.
Kwenye tezi, maji hayakutoa
hata povu la kuoshea kijiko.

Tukapiga makasia hadi kwenye changarawe,
tukaiacha bahari ipwe,
Mbishi akalala upande kama ng'ombe anayecheua,
mvua ya Chiloé ikiendelea na kazi yake.
"Tuna saa tano," Baba alisema. Alimaanisha bahari.

Mkono wake hauingii nyuma ya giaboksi.
Wangu unaingia hadi kiwikoni,
nikilala kifudifudi juu ya mataruma
na shavu langu likikubali kuonja dizeli.
Kwa hiyo mimi ndiye niliyeona kwanza, kwa vidole:
kiungo cha shafti kimeachana na mwenzake upana wa ukucha,
boliti mbili zinacheza matunduni,
ya tatu imekatika shingo,
ya nne haipo.
Kabari ya shafti imezama kwenye maji meusi
pamoja na kifungo cha koti na ganda la kome.

Sasa nitasema.
Mwezi wa Machi ni mimi niliyekaza boliti hizi.
Nilizikaza barabara, naapa, hadi spana ikalia.
Ila waya wa kufunga vichwa vyake zisijilegeze
niliuacha unaning'inia kwenye msumari,
maana Achao kulikuwa na kodiani usiku ule
na Efraín Chiguay alikuwa ameahidi kuosha shingo.

"Zimelegea," nikamwambia Baba.
"Zote?"
"Zote."
"Na waya?"
Mvua ilijibu kwa muda, juu ya turubai.
"Hakuna waya."
"Umekatika?"
Hapo uongo ukaja kuketi kando yangu,
umevaa nguo safi, ukinisogezea nafasi.
"Sikuuweka."

Hakusema kitu. Akapekua kopo la maziwa ya unga
anamohifadhi boliti za maisha yake yote,
akachagua nne, akazipuliza.
Tukairudisha kabari kwa nyundo ya mti.
Tukavuta shafti, uso ukakutana na uso.
Akanipa kile kijibati cha kupimia mwanya,
chembamba kuliko ganda la kitunguu.
"Juu?" Kinapita.
"Chini?" Kimekwama.
Akachomeka bati chini ya mguu wa injini.
"Juu?" Kinapita kwa shida.
"Chini?" Kwa shida.
"Kushoto, kulia?" Kwa shida, kwa shida.
"Shida ikiwa sawa pande zote," akasema, "ndiko kunyooka."

Nikakaza moja, nikarukia inayoikabili,
kidogo huku, kidogo kule,
hadi vifundo vyangu vikaacha ngozi kwenye chuma.

Kisha akatoa waya mfukoni.
Haukuwa mpya. Ulikuwa na kona,
kona ya msumari,
kona ya miezi mitano.
Sikumuuliza aliuchukua lini.
Nikaupitisha kichwani mwa boliti ya kwanza,
nikausokota, nikaenda ya pili,
naye akashika tochi bila kutikisika,
yeye ambaye mkono wake hutikisika hata akishika kikombe.

Bahari ilirudi bila kupiga hodi.
Mbishi akainuka upande mmoja, akasita,
akainuka wote. Nikashika kitasa cha injini.
"Bado," Baba akasema. "Ubao hudanganya ukiwa nchi kavu.
Pima tena, anapoelea."

Nikalala tena kifudifudi.
Juu, kwa shida.
Chini, kwa shida.