Mchanga wa Igombe

Padri alinipa Salamu Maria kumi.
Nilizimaliza kabla sijafika getini,
nikajiona mwepesi, nikanunua andazi.
Gunia lilikuwa palepale Mwaloni nilipoliacha,
na ndani yake kilo tatu za mchanga wa Igombe.

Naujua mchanga ule. Niliuchota mwenyewe kwa sahani ya bati,
laini, rangi yake rangi ya dagaa,
hauonekani mpaka uwe mdomoni mwa mtu.
Wala sikuwa wa kwanza. Tulikuwa tukiambiana,
sindano za magunia mikononi:
dagaa wa kuanikwa chini hakosi mchanga.
Kweli.
Ila mchanga wa upepo haujui kilo.

Jumatano, zamu ya jumuiya kwa akina Lufungulo,
baada ya somo, Nyanzobe mama lishe akasema, akicheka tu,
"Dagaa wa siku hizi! Nawaosha maji saba,
na bado mteja anatafuna nusunusu, ulimi ukipapasa kama kipofu."
Hakunitazama. Hununua kwangu
kwa sababu mimi ndiye mweka hazina wa jumuiya,
nisiyewahi kupoteza hata shilingi mia ya sadaka.

Mwezi ukapevuka. Siku hizo karabai hazina kazi,
ziwa zima lina mwanga, dagaa hawafuati taa ya mtu.
Mitumbwi ililala kifudifudi.
Mimi sikulala.
Nami nilikuwa na vitaa vyangu:
ada ya Sayi, ushuru, kila mtu anafanya.
Usiku ule havikuvuta kitu.

Asubuhi nikafumua gunia mbele ya wenzangu, nikashika ungo.
Kupepeta ni kazi ya aibu: vumbi halifichiki,
linatua kwenye kope, kwenye kitenge, kwenye chai ya jirani.
Bugumba akauliza kama nimeokoka.
Nikasema, bado napepeta.
Nikaupima ule mchanga. Kilo tatu na robo.
Hata dhambi yangu nilikuwa nimeipunja.

Kitangiri nilifika na ndoo ya dagaa safi
na maneno niliyoyapanga njia nzima. Yakaanguka yote mlangoni.
"Ni mimi," nikasema. "Ule mchanga ni mimi."
Nyanzobe akageuza chapati. Akaigeuza tena.
"Tangu lini?"
Tangu Pasaka ya mwaka jana.
Akaipokea ndoo, akanisogezea kwa mguu beseni la vyombo.
Hakusema amenisamehe. Alisema, "Anza na sahani."

Nikaosha hadi vidole vikakunjamana
kama vya mtoto aliyezaliwa leo.
Maji ya kwanza, ya pili, ya tatu,
kila nikiyamwaga natazama chini ya beseni.

Sasa ni Novemba. Bei imeshuka.
Magugu maji tuliyoyang'oa yamerudi ufukweni, mabichi, yana maua.
Jana mshale wa mizani ulisimama pungufu kidogo,
na mkono wangu, wenyewe, ukakumbuka njia
ya kule kwenye sahani ya bati.
Nikauona.
Nikauweka kwenye ungo.